Skrini ishikwe na nini? Kulinganisha mikono ya skrini kwa meza za nyumbani Goma

Wadogo zangu wanaofanyia kazi nyumbani huniletea swali hili likiwa limeshafungwa tayari: "Yaya, ninunue mkono gani wa skrini, wa gesi au wa nguzo?" Nami huwauliza kwanza meza yao ni ya mbao gani, na nyumba wanayokaa ni ya mbao, ya mawe au ya bloku. Wanacheka, maana hawakuja kuzungumza habari za nyumba. Lakini mkono wa skrini, yaani kile chuma cha kuinulia skrini ya kompyuta badala ya stendi yake, hausimami peke yake. Unashika kitu, na hicho kitu ndicho kinachobeba.

Hilo nililijua kwa hasara. Meza yangu ya kwanza niliinunua dukani, nyeupe, inang'aa, ikaletwa mpaka mtaani Himbi juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, bila hata mkwaruzo. Wiki mbili baadaye nikafunga mkono wa gesi kwenye ukingo wake wa nyuma, nikakaza kibano kama mtu anayekaza gurudumu la gari. Mwezi haukuisha, skrini ikaanza kuinama mbele kila nilipoivuta. Nilipochungulia nikakuta kibano kimezama ndani ya meza na ngozi nyeupe imepasuka. Nikamwita fundi seremala, mzee mmoja wa Majengo. Akakwangua pale kwa ukucha, vumbi likamwagika sakafuni.

"Mtoto wangu, hii si mbao. Ni unga waliougandisha kwa gundi."

"Sasa nifanye nini, Muzee?"

"Ungeniuliza kabla hujanunua."

Tangu siku hiyo nimetumia njia nne tofauti, katika nyumba tatu. Ninazilinganisha hapa kwa vigezo vilevile: kisanduku cha mbao chini ya skrini, mkono wa nguzo, mkono wa gesi au springi, na mkono wa ukutani.

Vya kupima kwanza

Anza na skrini yenyewe. Igeuze utazame mgongoni. Unatafuta matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba, milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100. Hicho ndicho kipimo kinachoitwa VESA, na karibu mikono yote ya skrini za kawaida inafuata vipimo hivyo viwili. Skrubu zake ni M4, yaani zenye unene wa milimita 4. Mara nyingine matundu yamejificha nyuma ya stendi, huyaoni mpaka uing'oe. Na zipo skrini, hasa za bei ya chini, zisizo na matundu kabisa. Kwa hizo huuzwa vishikio vya kubana kingo za skrini, lakini mimi sivipendi: vinaongeza uzito, na skrini yenye kingo nyembamba huonekana kama imefungwa pingu.

Kisha uzito. Skrini ya inchi 24 bila stendi huwa na kilo 3 hadi 4 hivi, na ya inchi 27 kati ya 4 na 6. Zile nene za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, zinazotoka Ulaya huweza kuzidi hapo, kwa hiyo usikisie. Panda mizani ukiwa umeibeba, panda tena mikono mitupu, toa. Mimi sikuwa na mizani nyumbani, nikapeleka yangu kwa mama mmoja muuza maharagwe. Aliipima vizuri, akaniuliza kilo nauza bei gani.

Meza ndiyo yenye maneno mengi. Chukua mkono ulionyooshwa nusu mita mbele, wenye skrini ya kilo 5 mwishoni. Kitako chake juu ya meza kina upana wa sentimita 8 tu, na kinajaribu kupinduka kwenda mbele. Kwa hesabu ya haraka, ukingo wa nyuma wa meza unavutwa juu kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 30. Hiyo ndiyo nguvu iliyokula meza yangu. Ubao mzima wa libuyu au mbao nyingine ngumu, wenye unene wa sentimita 2.5 au 3, hauoni shida. Tripleksi (plaiwudi) nene pia inavumilia. Ubao wa vumbi lililobanwa unahitaji bamba la chuma juu na chini ili nguvu itawanyike. Meza ya kioo, usiguse.

Kuna jambo ambalo picha za mtandaoni hazionyeshi. Maseremala wetu wengi hupigilia ubao wa kusimama chini ya meza, pande zote nne, ili miguu isiyumbe. Ni kazi nzuri, meza inakuwa imara. Ila ule ubao wa nyuma ukikaa sawasawa na ukingo, taya la chini la kibano halina pa kuingia. Pitisha vidole chini ya ukingo wa nyuma: unahitaji angalau sentimita 8 hadi 10 zilizo tupu.

Baada ya meza, jiulize maswali manne, na ujibu kweli. Je, utaisogeza skrini kila siku, au utaiweka mara moja na kuisahau? Wengi wanaosema wataisogeza, hawaisogezi. Je, meza yako hutikisika ukiandika, na umejiandaaje kwa tetemeko la ardhi? Umepanga au nyumba ni yako? Na kitu kikiharibika, nani wa kukitengeneza hapa hapa mjini?

Kisanduku cha mbao, stendi ibaki ileile

Wengi hawakihesabu kwa sababu hakina jina la kisasa. Ni sanduku la mbao lisilo na mgongo, au kibao chenye miguu miwili mifupi. Kimo chake ni kile kinachopungua ili ncha ya juu ya skrini ifike usawa wa macho, mara nyingi sentimita 8 hadi 15.

*Meza na ukuta.* Hakidai chochote. Meza ya unga, ya kioo, ya plastiki, zote sawa. Skrini isiyo na matundu ya VESA nayo inakubalika.

*Mwendo.* Hakuna. Ukitaka skrini ije karibu, unasukuma kisanduku. Nafasi ya meza haipatikani nyuma ya skrini, ingawa kibodi na madaftari huingia chini ya kibao jioni.

*Mtikisiko.* Hapa ndipo udhaifu wake. Tarehe 22 Mei 2021 volkeno yetu ya Nyiragongo ililipuka, na ardhi ikaendelea kutetemeka kwa siku kadhaa. Tarehe 27 sehemu ya mji ikaamriwa kuondoka, nasi tukaondoka. Niliporudi nilikuta skrini niliyoiacha juu ya kisanduku imelala kifudifudi. Haikuanguka kwa pigo moja. Ilitembea polepole mpaka ukingoni, tetemeko baada ya tetemeko. Siku hizi ninapigilia vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki chini ya miguu ya kisanduku, na juu yake pale stendi inapokaa. Pia ninafunga kamba fupi kutoka kwenye matundu ya nyuma ya skrini hadi kwenye msumari ulio ukutani. Haipendezi, lakini inashika.

*Bei na kuhama.* Ni rahisi kuliko vyote. Seremala anaweza kukitoa kwenye vipande vilivyobaki vya kazi nyingine. Kikivunjika, msumari mmoja unatosha.

Kinamfaa mwenye skrini moja, anayekaa peke yake mezani, na asiyejua atakuwa wapi mwaka ujao. Ningemshauri pia yeyote aanze nacho kwa mwezi mmoja. Kitamwambia kimo anachohitaji kabla hajalipia chuma.

Mkono wa nguzo

Huu ni nguzo ya chuma iliyosimama juu ya meza, imeshikwa kwa kibano au kwa bolti inayopita kwenye tundu la meza. Mkono wenye kiungo kimoja au viwili unashikwa na pete kwenye nguzo. Kimo unakipanga kwa kulegeza pete, kuisogeza, na kuikaza tena.

*Meza na ukuta.* Unadai meza nzuri, ila mikono yake huwa mifupi na skrini hubaki karibu na nguzo, kwa hiyo haivuti ukingo kama ndugu yake wa gesi. Ukiweza, chagua kufunga kwa bolti badala ya kibano. Bolti inayotoboa meza hugawanya nguvu vizuri, na haijali ubao wa nyuma uko wapi.

*Mwendo.* Kulia, kushoto, kuinamisha, hayo yote rahisi. Kupanda na kushuka ni kazi ya bisibisi au ufunguo wa pembe sita. Mtu anayeandika asubuhi ameketi na mchana amesimama atauchukia kabla ya Ijumaa.

*Mtikisiko.* Mzuri sana. Hauna springi, hauna cha kuchezacheza. Kama meza inatikisika, skrini inatikisika pamoja nayo, na kosa ni la meza. Tetemeko likija, skrini imeshikwa kwa skrubu nne na haina mahali pa kwenda.

*Bei na kuhama.* Uko kati ya kisanduku na mkono wa gesi. Nami ninaupenda kwa jambo moja: hauna uzito wa chini. Skrini ya kilo 2 na ya kilo 7 zote zinakaa, mradi usivuke kikomo kilichoandikwa. Isitoshe, unaweza kuchongwa hapa. Fundi wa kuchomelea akipewa bomba la chuma, kipande cha bati nene na kipimo sahihi cha matundu, anaweza kukutengenezea mfano wake. Mpelekee bati lililokwisha kutobolewa, au karatasi uliyoichora ukiwa umeilaza juu ya mgongo wa skrini. Usimwambie "mia kwa mia" kwa mdomo ukaondoka. Mimi nilifanya hivyo, nikaletewa matundu yaliyopishana na ya skrini kwa milimita 4, tukamalizia kwa tupa.

Unamfaa mwenye skrini mbili za kupanga ubavu kwa ubavu, mwenye skrini nyepesi sana au ya ajabu, na yeyote anayetaka kufunga leo asiguse tena.

Mkono wa gesi, na ndugu yake wa springi

Ndio unaoonekana kwenye picha: skrini inaelea, unaigusa kwa kidole inapanda, unaiachia inabaki. Ndani ya mkono kuna silinda ya gesi iliyoshindiliwa, au springi ya chuma, inayosukuma juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa skrini. Nguvu hiyo unairekebisha kwa bolti moja.

*Meza na ukuta.* Unadai kuliko yote, kwa sababu unafika mbali. Hesabu ya kilo 30 niliyoitoa juu ni yake. Tena una kiwiko. Ukiusukuma nyuma ili skrini irudi, kiwiko kinatokea nyuma ya meza, na kama meza imegusa ukuta, mkono hauwezi kukunjika na skrini inabaki imekujia usoni. Katika chumba kidogo ni lazima ujiulize: naweza kuivuta meza sentimita 15 kutoka ukutani, au kuufunga mkono pembeni ili kiwiko kitoke upande?

*Mwendo.* Hauna mpinzani. Kuandika umeketi, kusimama, kumgeuzia mtoto atazame katuni, kuisimamisha skrini wima ili kusoma nyaraka ndefu. Nikiwa na kazi za kutafsiri, kuigeuza wima kumenisaidia kuliko nilivyotegemea.

*Mtikisiko.* Una tabia ya kunesa. Ukiandika kwa nguvu kwenye meza nyepesi, maandishi yanacheza. Kadiri mkono ulivyonyooshwa ndivyo unavyonesa zaidi, kwa hiyo siku za kawaida ukunje. Wakati wa tetemeko hautaiangusha skrini, lakini unaweza kuiyumbisha mpaka ikapiga ukuta au skrini ya jirani. Ukitoka nyumbani kwa siku nyingi, ushushe na uukunje.

*Bei na kuhama.* Ni ghali kuliko mingine, na hautengenezeki. Silinda ya gesi imefungwa, na ikipoteza nguvu baada ya miaka hakuna wa kuijaza huku. Wa springi ya chuma hauna gesi ya kuvuja, na kwa mtu anayeishi mbali na wauzaji hilo lina thamani. Wote wawili wanahama nawe vizuri. Unafungua kibano, unaondoka.

Angalia namba mbili kwenye boksi, si moja. Watu husoma uzito wa juu tu. Kuna pia uzito wa chini, mara nyingi kilo 2 na kidogo, na kwa mikono mikubwa hufika kilo 3 au zaidi. Skrini nyepesi kuliko huo itapanda yenyewe kama puto na kukataa kushuka, hata ulegeze bolti mpaka mwisho.

Unamfaa mwenye meza ya mbao nzito, anayebadilisha mkao mara nyingi kwa siku, au watu wawili wa vimo tofauti wanaotumia meza moja.

Mkono wa ukutani

Huu unaiacha meza huru kabisa. Bamba linafungwa ukutani kwa skrubu au bolti, na mkono unatoka hapo.

*Meza na ukuta.* Meza haijali chochote, ukuta unajali kila kitu. Na hapa Goma ukuta una kabila zake.

Ukuta wa mawe meusi ya volkeno unaonekana kama ngome, na watu hudhani utashika chochote. Jiwe lenyewe ni gumu, linamaliza ncha za drili. Lakini lina vitundu ndani kama mkate uliochacha vizuri. Drili inapenya, kisha inaanguka ghafla kwenye uwazi, na kile kijiti cha plastiki kinachotakiwa kutanuka ndani ya tundu kinakosa cha kuuma. Kwenye viungo vya saruji kati ya mawe ni vibaya zaidi, kwa sababu saruji iliyochanganywa kwa ubahili inamomonyoka. Toboa katikati ya jiwe, jaribu tundu la pili lililo mbali na la kwanza, na ulivute kwa nguvu kabla ya kuliamini. Bloku ya saruji iliyo nzima inashika vizuri. Yenye uwazi ndani inataka bolti za aina yake, zile zinazofunguka nyuma ya ganda.

Nyumba ya mbao ndiyo iliyonishangaza. Nilidhani haiwezekani. Ubao wa ukuta, kweli, hauwezi: ni mwembamba, umepigiliwa misumari tu, na skrubu yenye mzigo wa kilo 5 itaung'oa. Ila nyuma yake kuna nguzo za mbao zinazobeba nyumba nzima, na utazijua kwa mstari wa vichwa vya misumari unaoshuka wima. Weka ubao mnene wa sentimita 4 ukikingama kutoka nguzo moja hadi nyingine, ukaze kwa skrubu ndefu za mbao, kisha funga mkono kwenye ubao huo. Hakuna kijiti cha plastiki, hakuna vumbi la jiwe, na inashika kuliko ukuta wangu wa mawe ulivyoshika. Kasoro yake ni mlango: ukifungwa kwa hasira, nyumba nzima inatikisika na skrini nayo.

*Mwendo.* Inategemea uliochagua. Ipo ya gesi, ipo yenye viungo tu. Ukifungwa, haukufuati ukihamisha meza dirishani, na hilo watu hulisahau.

*Mtikisiko.* Kuandika hakuutikisi hata kidogo, kwa kuwa meza na skrini haziguswi na kitu kimoja. Tetemeko likija, mkono unafuata ukuta. Ukuta wenye nyufa usiuongezee mzigo.

*Bei na kuhama.* Mkono wenyewe si ghali sana. Gharama ni kutoboa, na mwenye nyumba. Uliza kabla ya kugusa ukuta, na makubaliano yaandikwe, la sivyo matundu manne yatatajwa siku unapodai garanti yako, ile amana uliyoweka ulipopanga.

Unamfaa mwenye nyumba yake, mwenye meza dhaifu asiyetaka kuibadilisha, au mwenye chumba chembamba ambamo kila sentimita ya meza ina kazi.

Siku ya kufunga

Mtafute mtu wa pili. Si kwa sababu ni vigumu, bali skrini inahitaji mikono miwili wakati skrubu nazo zinahitaji miwili.

Kwanza chuma kwenye meza au ukuta, bila skrini. Kati ya kibano na mbao weka kipande cha mpira au bamba la chuma, kaza mpaka kisogezeke kwa shida, kisha ongeza kidogo, basi. Rudi baada ya wiki ukaze tena, kwa kuwa mbao hujibana. Halafu laza skrini kifudifudi juu ya blanketi, ng'oa stendi, na ufunge bamba la VESA kwa skrubu zilizokuja nazo. Skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kugusa vilivyo ndani, kwa hiyo ikigoma kabla haijafika, usilazimishe. Kama matundu yamezama ndani ya mgongo, tumia vile vijibomba vidogo vya kuinulia vinavyokuja kwenye mfuko mdogo ambao watu huutupa.

Mkono wa gesi una sheria yake moja: usilegeze wala usishushe mkono mtupu ukauachia. Bila skrini, nguvu yote ya silinda inataka kupanda, na ukikuponyoka utakupiga usoni. Uache juu, pachika skrini ukiwa juu, ndipo ushushe. Kisha shika ufunguo wa pembe sita. Skrini ikizama, zungusha upande wa kuongeza. Ikipanda, upande wa kupunguza. Alama ziko karibu na bolti. Zungusho kumi au zaidi si ajabu, endelea mpaka skrini ibaki popote unapoiacha.

Nyaya nazo ziache na ulegevu. Kabla ya kuzifunga kwenye mkono, nyoosha mkono mpaka mwisho, upandishe mpaka juu, ndipo ufunge. Nimeona waya wa picha ukichomoka kila skrini ilipovutwa, na mwenyewe akalaumu kompyuta mwezi mzima.

Kimo: keti unavyoketi kweli, si unavyoketi ukipigwa picha. Ncha ya juu ya skrini iwe usawa wa macho au chini kidogo. Umbali ni urefu wa mkono wako ulionyooshwa, na kwa watu wengi hilo liko kati ya sentimita 50 na mita 1. Mgongo wa skrini ulale nyuma kidogo, nyuzi 10 hadi 20. Wenye miwani ya sehemu mbili waishushe zaidi, la sivyo watainua kidevu kutwa nzima. Na dirisha liwe ubavuni, maana jua la alasiri linalorudi kutoka ziwani halitashindwa na skrini yoyote.

Ukikwama, angalia hali yako

Umepanga nyumba ya mbao, meza ni ya unga, na hujui kesho: kisanduku chenye mpira chini, na kamba ya usalama. Pesa zinazobaki zipeleke kwenye kiti.

Umepanga, lakini meza ni ya libuyu na ni yako: mkono wa nguzo kwa skrini mbili, wa springi au gesi kwa moja unayoichezesha. Ukihama, unakwenda nao.

Nyumba ni yako na chumba ni chembamba: mkono wa ukutani, ukianza kwa kuujua ukuta. Wa mbao ni rafiki kuliko unavyodhani.

Unatumia kompyuta ndogo pamoja na skrini, na umeme unakatika mara kwa mara: kompyuta itaendelea kwa betri, skrini itazimika. Panga vitu ili kompyuta nayo iwe mbele yako, si pembeni, au tafuta sola ndogo. Skrini ya inchi 24 hula takriban wati 20 hadi 30 tu.

Meza bado hujaitengenezesha: hapo una bahati kuliko sisi wengine. Mwambie seremala uso wa meza uwe wa mbao nzima, sentimita 3. Ubao wa nyuma ausogeze ndani sentimita 12 kutoka ukingoni. Na atoboe tundu moja la sentimita 5 karibu na ukingo wa nyuma, katikati, hata kama hujaamua utaweka nini hapo. Atauliza ni la nini. Mwambie ni la nyaya, kwa sasa.